Kabla hamjafukiza popo wa darini

Wadau, huku Moshi ukilalamika kwamba dari limejaa popo, utashauriwa haraka: wafukize, waue, kazi imekwisha. Na baada ya Marburg kuua watu 6 kule Bukoba mwaka 2023, kisha kuzuka tena Biharamulo Januari 2025, ushauri huo unaonekana wa busara kabisa. Ngoja niwape historia kidogo.

Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za huko, Frankfurt na Belgrade waliugua kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Jumla wagonjwa 31, vifo 7. Lawama zikawaangukia tumbili. Lakini tumbili nao huugua na kufa, na mnyama anayekufa upesi hawezi kukitunza kirusi miaka nenda miaka rudi. Palikuwa na mwenyeji mwingine.

Alipatikana miaka 40 baadaye. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua. Watafiti wakaingia humo na kukuta kirusi hai ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni, popo wenyewe wakiwa wazima. Zaidi ya hapo, virusi vya mgodini vilikuwa vya koo mbili, zinazotofautiana vinasaba kwa kama asilimia 20. Maana yake vimeishi na kubadilika ndani ya popo kwa muda mrefu sana, na binadamu huvipata anapoingia kwao.

Sasa sikieni. Mwaka 2008 popo wa Kitaka waliangamizwa. Kufikia 2012 wachache walikuwa wamerudi, na mwaka huohuo Marburg ikalipuka Ibanda, jirani na mgodi. Watafiti wakawapima popo tena: asilimia 13 walikuwa na maambukizi, wakati kabla ya mauaji ilikuwa kama asilimia 5. Maelezo yao ni kwamba nafasi ya waliouawa ilichukuliwa na popo wageni na wachanga wasio na kinga, kirusi kikapata pa kuenea.

Popo wetu wa darini wengi ni wala wadudu, si wale wa Kitaka. Wakikukera, ziba matundu usiku wakishatoka, wasipokuwa na watoto. Usimshike popo kwa mkono. Na kule migombani mlimani, mwambie mtoto asile tunda lililotafunwa.

Nawakilisha.