Harakati za vijana na elimu ya uongozi Tanzania

Harakati za vijana nchini Tanzania ni juhudi za wanafunzi na vijana wengine kudai haki au kupinga maamuzi ya serikali. Historia yake inafaa kufundishia uongozi kwa vijana wa sekondari, kwa sababu inaonyesha njia mbalimbali za kudai haki na matokeo ya kila moja.

Maandamano ya 1966

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu. Walipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi. Rais Julius Nyerere aliwafukuza chuoni, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa sera ya Elimu ya Kujitegemea.

Kesi ya umri wa ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016 mwanasheria kijana Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alipinga vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo. Mahakama Kuu iliamua kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, lakini tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali. Mwaka 2018 Gyumi alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Mafunzo kwa vijana

Matukio hayo mawili yanatofautiana. Waandamanaji wa 1966 walionekana kutetea masilahi ya wasomi wachache, hivyo hawakuungwa mkono sana na wananchi. Kesi ya 2016 ilihusu wasichana wote na ilijengwa juu ya Katiba. Mwanafunzi hujifunza kwamba kiongozi hupaswa kujua sheria, kueleza anamtetea nani na kuwa tayari kusubiri.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Haki hiyo hutekelezwa kupitia mabaraza ya watoto na mabaraza ya wanafunzi shuleni.