Fremu ya Land Rover na Ufundi wa Kuifufua

Ufundi wa kufufua Land Rover kuukuu, yaani kuirudisha katika hali yake ya awali huku vipande vyake vya asili vikihifadhiwa kadiri inavyowezekana, hauelezeki bila kurejea uhaba wa chuma ulioikumba Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia Willys Jeep ya kijeshi shambani kwake Anglesey, alibuni gari la wakulima wakati ambapo chuma kilitolewa kwa mgao, na lilipozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 sehemu kubwa ya bodi yake ilikuwa ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iliyotokana na alumini, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi.

Fremu, ambayo mafundi wengi huiita chesisi, haikuweza kukikwepa chuma. Ili kuepuka gharama ya mashine kubwa za kukanda chuma, bamba nne bapa zilichomelewa kingo kwa kingo hadi zikawa boriti yenye uwazi ndani. Uwazi huo ndio uliokuja kuwa adui wa gari lenyewe, kwa kuwa tope na maji hupenya humo na kutu huanza kula chuma mahali jicho lisipofika. Kwa sababu hiyo, mtu anayefufua gari hili nyumbani hutangulia kuigonga fremu kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, akitega sikio: chuma kizima hulia kwa sauti kali, ilhali kilicholiwa hutoa mlio mzito, na magamba mekundu hudondoka kwenye matundu. Kuinyoosha bodi na kuipaka rangi kabla ya kipimo hicho ni kutupa fedha.

Alumini nayo ina udhaifu wake. Inapogusana na chuma penye unyevu, hasa wenye chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, ikiacha unga mweupe kwenye maungio. Maungio hayo husafishwa, kisha hutenganishwa kwa rangi au kipande cha mpira. Hata hivyo, paneli nyingi zimefungwa kwa bolti, nazo bolti zilizogandamana zikilowekwa mafuta mepesi usiku kucha, gari huweza kufunguliwa uani kwa spana za kawaida.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mojawapo ya magari ya majaribio yaliyoonyeshwa Amsterdam, lililopotea kwa miaka mingi, lilikuwa limepatikana karibu na Solihull, mji lilikoundwa, na lingefufuliwa bila kufuta rangi yake ya kijani ya mwaka 1948. Fremu za magari hayo ya majaribio zilikuwa zimefunikwa kwa zinki, kinga ambayo magari yaliyouzwa kwa umma hayakupewa.