Poka ya Intaneti
Poka ya intaneti ni kamari ya karata ichezwayo baina ya watu wasioonana, ambayo mwenye kuiendesha hashindani nao, bali hukata ada katika fungu la madau au kiingilio cha shindano, hata ikawa mchezaji hapati faida ila awazidi wenzake kwa kadiri ipitayo ada hiyo. Ilianza kuchezwa kwa fedha mwaka 1998, ikaenea baada ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyefuzu kwa njia ya intaneti kuingia shindano la poka huko Las Vegas, kushinda humo dola milioni 2.5 mwaka 2003. Kwa kuwa nyuso hazionekani, hodari husoma ukubwa wa dau na muda wa kusita. Lakini hasimu wake mkuu, pengine kuliko wapinzani wote, ni ghadhabu ya hasara, imsahaulishayo hesabu.