Maji ya rejeta

Tunaposema "maji ya rejeta" tunamtuma dereva bombani, na injini ndiyo inayolipa. Maji ya bomba au ya kisima huacha chokaa kwenye mirija myembamba ya rejeta, huku kutu ikila vyuma. Ukikuta tope la rangi ya matofali chini ya mfuniko, jua uharibifu umeshaanza. Wapo wanaodai kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, ni ya nchi za baridi. Sivyo: nusu kulanti na nusu maji yaliyoondolewa madini huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, tena huzuia kutu, hata Dar es Salaam. Ni kweli maji matupu hubeba joto vizuri zaidi, lakini faida hiyo hupotea rejeta ikishaziba. Basi mafundi, mwambieni mteja aongeze kulanti iliyochanganywa hivyo, si maji matupu.