Uyoga wa kwenu na uyoga wa ugenini

Mvua zikisha kushika katika Katanga ya Juu, kuanzia mwezi wa kumi na moja, barabara zinazoingia Lubumbashi zinabadilika rangi. Kando ya lami akina mama wanapanga mabeseni na vikapu vya uyoga: mweupe, wa njano, mwekundu, wa kahawia. Huku watu wanauita bowa. Magari yanasimama, watu wanapatana bei, na jioni nyumba nyingi zinakula bukari na bowa.

Msimu huohuo swali moja linarudi kila mara kutoka kwa familia zilizokimbia vita: «Huku tulikofikia kuna uyoga mwingi porini. Unafanana na ule wa kwetu. Tuule?»

Jibu fupi ni hili: msiule kwa sababu tu unafanana. Jibu refu liko katika historia, na ndiyo tunayoisimulia leo.

Shule ya porini

Kabla ya kitabu chochote kuandikwa, ujuzi wa uyoga katika nchi yetu ulipita kwa miguu na kwa mikono. Mtoto alimfuata mama au bibi yake porini, akabeba kikapu, akaokota, akakosea, akaambiwa «tupa huo». Mwaka uliofuata alikosea kidogo zaidi. Ilichukua misimu mingi kabla ya kuachiwa aokote peke yake.

Ukiangalia vizuri, mama hakumfundisha mtoto kanuni moja ya kutenga uyoga mzuri na mbaya. Alimfundisha kuutambua kila uyoga kama mtu anavyotambua ndugu zake: unaota chini ya mti gani, unatoka mvua ya ngapi, unanukaje, ukiukata unatoa maji ya rangi gani, mguu wake chini ukoje. Kila mmoja ulikuwa na jina lake. Kabansa si tente, na tente si kabansa.

Huo tente ni mfano mkubwa. Wataalamu wanauita Amanita loosii. Mguu wake unatoka ndani ya kifuko, kama yai lililopasuka. Katika vitabu vingi vya dunia, kifuko hicho ni alama ya hatari, kwa sababu uyoga unaoua kuliko yote una kifuko cha namna hiyo. Lakini mama wa Katanga anaula tente, na watoto wake wanaula. Hapuuzi hatari. Anaujua huo mmoja, katika pori hilo, tangu utoto wake. Mtu mwingine akimwiga bila kujua anachokijua yeye, anaweza kuiua familia yake.

Wageni walijifunza kwa wenyeji

Lubumbashi yenyewe ni mji wa watu waliotoka mbali. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Wafanyakazi wa migodi waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye Rwanda na Burundi. Kila kundi lilikuja na neno lake. Anayesema Lingala anasema mayebo, anayesema Kinyarwanda anasema ibihumyo, na katika Kiswahili cha vitabu ni uyoga. Lakini sokoni Lubumbashi neno lililoshika ni bowa, ambalo Wabemba pia wanalitumia. Si ajabu. Neno la pori linatoka kwa wale wanaolijua pori hilo, na mgeni aliyetaka kula alipaswa kuwasikiliza.

Vitabu vilikuja nyuma

Katika miaka ya 1920, Mbelgiji mmoja, Bi Goossens-Fontana, alikusanya uyoga katika misitu ya Kongo na kuuchora kwa rangi ya maji, maana uyoga ukikauka unapoteza sura yake. Michoro na mikusanyo hiyo ilipelekwa Ubelgiji. Mwaka 1935 bustani ya mimea ya serikali ya Brussels ilianza kutoa vitabu vyenye picha za uyoga wa Kongo, na cha kwanza kiliandikwa na Maurice Beeli. Jina la Bi Goossens limebaki katika majina ya kisayansi, kama Cantharellus goossensiae.

Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim alitoa jina Termitomyces kwa uyoga wa kichuguu, ambao watu wetu walikuwa wanaula tangu zamani. Uyoga huo unalimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa wanaulisha majani na miti waliyoitafuna, na wao wanakula kinachoota humo. Mvua inapokuja, uyoga unapasua udongo na kutokeza nje. Ndugu yake mmoja, ulioandikwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, unaweza kufikia upana wa karibu metre moja.

Mwaka huohuo wa 1980 wataalamu haohao, Pegler na Piearce, waliupa uyoga mwingine jina Lactarius kabansus. Hapo neno la akina mama liliingia katika sayansi. Na mwaka 2017 De Kesel, Kasongo na Degreef walitoa kitabu kizima juu ya uyoga unaoliwa wa Katanga ya Juu, wakiandika pamoja na majina ya kisayansi majina ambayo wenyeji wanatumia. Hesabu mwenyewe: tangu 1935 hadi 2017 ni miaka 82. Vitabu vilihitaji muda wote huo kuyafikia mambo ambayo bibi alikuwa anayasema akiwa na kikapu mkononi.

Jicho lililohama

Sasa turudi kwa ndugu zetu waliohama. Ujuzi wa uyoga ni ujuzi wa mahali. Ukihama, macho yako yanakuja na picha za kwenu, lakini udongo na miti vimebadilika. Kiu ya kula kitu cha nyumbani nayo inaongeza nguvu ya kuamini kwamba ni uleule.

Jambo hili limeua watu mbali na hapa. Huko California, Marekani, wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walikula uyoga uitwao Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wa majani ya mpunga wa kwao, kwa sababu ukiwa mchanga unafanana nao. Mwaka 2015, Ujerumani, wakimbizi wengi waliingia hospitali kwa sumu hiyohiyo, na hospitali ya chuo kikuu cha Hannover ikatoa matangazo kwa lugha za wakimbizi, Kiarabu kikiwemo. Mwaka 2021, familia moja ya Afganistani iliyookolewa kutoka Kabul ilipika supu ya uyoga waliouokota karibu na kituo cha wakimbizi, si mbali na Warsaw, Poland. Watoto wawili walikufa. Walikuwa wameokoka vita.

Sumu yenye subira

Sumu hiyo ina hila. Mtu anakula, ladha ni nzuri, analala. Saa 6 hadi 24 baadaye anaanza kutapika na kuharisha. Kisha anapata nafuu, na familia inashukuru Mungu. Wakati huo ini linaharibika. Siku ya tatu au ya nne hali inakuwa mbaya tena, na mara nyingi msaada umechelewa. Uyoga mmoja unatosha kumuua mtu mzima. Kuuchemsha, kuukaanga au kuukausha hakuondoi sumu hiyo.

Ndiyo maana majaribio ya kijiko cha fedha au kitunguu kubadilika rangi ni uongo. Kusema «konokono ameula» au «mbuzi ameula» pia si ushahidi. Mwili wa mnyama si mwili wa mtu. Wala rangi haisemi kitu: uyoga mwekundu unaliwa Katanga, na mweupe safi unaweza kuua.

Anayeanza afanye nini?

Kwanza, tafuta mama mwenyeji anayeokota na kula uyoga wa hapo kila mwaka. Nenda naye porini, usiishie kumwonyesha picha. Jifunze uyoga mmoja tu msimu huu, mwingine msimu ujao.

Pili, usiukate juu. Chimba mpaka chini uone mwisho wa mguu. Ukiona kifuko, uache, hata kama majirani wanakula unaofanana nao. Uyoga wa kichuguu hauna kifuko. Mguu wake unaendelea kama mzizi mrefu kuelekea kwa mchwa.

Tatu, weka kofia ya uyoga juu ya karatasi, uifunike na bakuli usiku kucha. Asubuhi utaona vumbi. La uyoga wa kichuguu linaelekea rangi ya waridi. Katika nchi za joto kuna uyoga mkubwa mweupe wa kwenye majani mafupi na viwanja, Chlorophyllum molybdites, ambao watu wanaudhania ni wa kichuguu. Vumbi lake ni la kijani, na unatapisha vibaya sana. Lakini kumbuka: jaribio hili linaweza kukukataza, haliwezi kukupa ruhusa. Ruhusa inatoka kwa mwenyeji anayeujua.

Nne, usile uyoga wa porini mbichi, na usiwape watoto uyoga ambao mwenyeji hajauthibitisha.

Tano, mtu akiumwa baada ya kula, wote waliokula waende kituo cha afya mara moja, hata ambao hawajasikia kitu. Beba mabaki ya uyoga. Msipoteze saa kwa maziwa au mafuta, na nafuu ya siku ya pili isiwadanganye.

Kwa wenyeji pia

Neno la mwisho ni kwa familia zinazopokea wageni. Uyoga mwingi wa Katanga, tente na kabansa ikiwemo, unaishi kwenye mizizi ya miti ya miombo. Mti ukikatwa kwa ajili ya makala ya kupikia, uyoga wake unapotea pale, na mtoto hana tena pa kufundishwa. Ujuzi uliobaki mkononi mwenu ni mali. Mgeni akija mlangoni na kikapu kuuliza, msimcheke. Vueni pamoja vyote vilivyomo chini, mwonyesheni kimoja kimoja cha kuacha na cha kupika. Babu zetu wengi waliofika hapa kutafuta kazi migodini nao waliuliza hivyohivyo.