Diski yako ya USB inasema lugha gani? Historia fupi ya BOT na UAS

Kila mutu aliyeandika TFC anajua hii hali. Ni saa tano ya usiku, umeme unaweza kwenda saa yoyote, na uko unakopia kazi ya miaka tatu kwenye diski ya inje. Diski ni mupya. Kwenye karton wameandika 5 Gbit/s. Lakini inaenda pole pole, sawa mutu anayejaza pipa kwa kikombe. Hapo tunasemaka: "Diski ni ya bandia", ao "mashini imezeeka". Mara ingine ni kweli. Mara ingine jibu liko ndani ya historia.

Namba ya kwenye karton inaonyesha upana wa barabara tu. Haituambie namna ordinateri na diski vinazungumza juu ya hiyo barabara. Hiyo namna ya kuzungumza njo tunaita protokole, na kwa diski za USB kuko mbili kubwa.

USB ilitoka mwezi wa kwanza 1996. Mbio yake ya mwisho ilikuwa megabiti 12 kwa segonde, inatosha kwa klavye na suri. Katika 1999 wakaandika protokole ya diski: Bulk-Only Transport, kwa kifupi BOT. Kuko na kichekesho: ile hati iko na tarehe 31 ya mwezi wa tisa 1999, siku ambayo haiko kwenye kalenda yoyote! Hata wenye kuandika sheria za mashini wanakoseaka.

BOT inafanya kazi hivi. Ordinateri inatuma bahasha ya okteti 31 yenye amri moja. Data zinapita. Kisha diski inajibu kwa okteti 13: nimemaliza, ao nimeshindwa. Kabla ya hilo jibu, amri ingine haiwezi kuondoka. Ni kama gishe yenye mutu mumoja: hata uko na hati kumi mukononi, unatoa moja, unangoja muhuri, njo unatoa ya pili.

Je, walikosea? Hapana. Amri zenyewe ni za SCSI, lugha ya diski iliyokubaliwa kama kanuni huko Marekani katika 1986, na SCSI ilikuwa tayari inajua kupanga amri nyingi kwa mustari. BOT ilichukua ile lugha, ikaacha ule ufundi. Kwa barabara ya megabiti 12 hakuna mutu angesikia tofauti. Na kitu chepesi kinatengenezwa kwa bei ndogo. Hiyo ilisaidia klé USB kufika mpaka kwenye mufuko wa kila mwanafunzi.

Lakini barabara ikapanuliwa. USB 2.0 ya 2000 ilifika megabiti 480. USB 3.0 ya 2008 ikafika gigabiti 5. Sasa ule wakati wa kungoja muhuri ukaanza kuonekana, zaidi sana na diski za SSD. Kwa hiyo katika 2009 ikatoka UAS. Hii iko na njia ine: moja ya amri, moja ya majibu, moja ya data zinazoingia, moja ya zile zinazotoka. Kila amri iko na namba yake, na diski inaweza kumaliza kwanza ile iliyo karibu.

Windows 8 na Mac OS X 10.8 ziliikubali katika 2012. Linux iliingiza piloti yake mwanzo wa 2011, lakini haikukaa sawa. Ikasimamishwa, ikarudi vizuri katika 2014. Shida kubwa ingine ilikuwa kwenye vile vipande vidogo ndani ya sanduku la diski: vingine vilisema vinajua UAS, kumbe havijui vizuri. Njo sababu mpaka leo Linux inabeba orodha ya vyombo ambavyo inavinyima UAS na kuvirudisha kwa BOT. Inafanya hivyo kimya kimya. Wewe unaona tu kwamba kazi inaenda.

Basi uhakikishe mwenyewe. Kwa Linux, andika lsusb -t. Kwenye mustari wa diski yako, Driver=uas ni UAS; Driver=usb-storage ni BOT. Angalia pia mwisho wa mustari: 5000M ao 480M. Kwa Windows, fungua Gestionnaire de périphériques. Diski ya UAS inakaa chini ya Contrôleurs de stockage, na piloti yake ni uaspstor.sys. Ya BOT inakaa chini ya Contrôleurs de bus USB, na piloti ni usbstor.sys.

Ukisoma 480M kwa diski ya USB 3.0, usilaumu protokole: badilisha kwanza kable ao tundu. Ukisoma 5000M na BOT, na diski ni ya kuzunguka, kwa video kubwa hautapoteza mingi, juu sahani yenyewe njo inachelewa. Lakini kwa SSD yenye maelfu ya picha na maandishi madogo, utasikia tofauti. Na kama diski iko kwa UAS lakini inakatika katikati ya kukopia, Linux inakuruhusu kuilazimisha irudi kwa BOT. Kwa kazi ya miaka tatu, afazali pole pole yenye kufika.

Protokole ya 1999 ingali hai, katika klé nyingi na kama mulango wa kukimbilia wakati ile mupya inashindwa. Kabla ya kuuza diski yako ao kutukana mashini, andika ule mustari mumoja. Yako inasema lugha gani?