Wimbo wa Ituri uko kule angani, wenye kuimba ni nani?

Leo tuache kidogo habari ya kutafuta kazi, tuongee muziki. Najua mutauliza agronomu anatafuta nini kwenye mambo ya diski. Subirini, mutaona.

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili angani, Voyager 1 na Voyager 2. Ndani ya kila kimoja waliweka sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye muziki wa dunia: Bach, Louis Armstrong, Chuck Berry. Kati yao kuko wimbo wa huku kwetu, wasichana Bambuti wa pori la Ituri wanaimba wimbo wa kuingia utu uzima. Sekunde 56 tu. Tangu 2012 Voyager 1 inatembea kati ya nyota. Ni kusema hakuna Mkongomani amefika mbali kama wale wasichana.

Lakini angalia orodha. Chuck Berry ameandikwa jina. Kwa wimbo wetu wameandika Zaire, wasichana, na jina la mzungu aliyerekodi, Colin Turnbull. Basi.

Turnbull alifika Ituri mara ya kwanza 1951, akarudi 1957 kukaa na Bambuti upande wa Epulu. Diski zake zilitoka kwa Folkways, na 1992 zikakusanywa tena chini ya jina Mbuti Pygmies of the Ituri Rainforest. Mwenzake ni Hugh Tracey, aliyepita huku 1952 na gari na mashine zake. Kazi yake iko kwenye On the Edge of the Ituri Forest.

Maoni yangu? Kwa masikio, Turnbull anashinda. Kwake unasikia pori lenyewe, na sauti zinapokezana: huyu anatia noti yake, yule anajibu, wimbo unakuwa wa wote. Kwa Tracey sauti ni safi sana, lakini nyimbo ni fupi, sababu sahani za wakati ule zilibeba kama dakika 3. Ila Tracey anashinda kwa kitu kingine: alikuwa na desturi ya kujaza kadi, akiandika lugha, chombo, pahali, na mara mingi jina la mwenye kuongoza wimbo.

Jina lina faida gani? Twende Jamaika. Mwaka 1960 ndugu watatu, Folkes Brothers, waliimba Oh Carolina, Prince Buster akiwa prodyuza, na ngoma za Count Ossie nyuma. Ni moja ya nyimbo zilizofungua njia ya ska. Mimi naipenda sababu ya zile ngoma. Jamaika kuko mapigo ya kumina, yaliyofika na watu wa Kongo. Mwaka 1993 Shaggy akairudilia, ikaleta feza mingi, na mabishano yakaanza: wimbo ni wa nani? Mahakama ya London ikakubali kwamba mtungaji ni John Folkes. Alikuwa na jina, akadai haki yake. Wale wasichana wetu, nani atawadaia?

Sasa agronomu aongee. Mbegu ikitoka kwa mukulima ikaenda kwenye frigo ya ulaya bila jina la mwenye shamba, imeokolewa, ni kweli, lakini mwenyewe amepotea. Na mbegu ya frigo isiyopandwa tena haizai. Nyimbo ni vile vile. Huku Shari na Bunia nzima tunaishi na watu waliokimbia vita kutoka vijiji vingi. Mama anafika na mtoto mgongoni na sufuria, na nyimbo za mavuno za kwao ziko kichwani tu. Watoto wake wanakua mjini, mbali na shamba ambapo nyimbo zile zinaimbwa.

Siwalaumu Turnbull na Tracey. Bila wao hatungesikia kitu. Lakini leo karibu kila mmoja wetu ana simu yenye kurekodi. Kwa hiyo naomba kitu kidogo: likizo hii, omba ruhusa kwa bibi yako ao jirani, rekodi wimbo mmoja. Mbele ya kubonyeza, mwambie ataje jina lake, kijiji chake, na kazi ya ule wimbo. Kisha mwambie akufundishe kuuimba.

Mimi nimeanza na nyanya yangu. Alicheka sana, kisha akataja jina lake lote, polepole, kama mtu anaandikishwa.